Kolaitisi ya vidonda: kwa nini dawa huachwa damu ikishakata

Mgonjwa wa kolaitisi ya vidonda, yaani uvimbe sugu wa utumbo mpana (si vidonda vya tumbo tulivyovizoea), hashindwi kumeza dawa wakati anaharisha damu. Damu ikikata na choo kikawa cha kawaida, ndipo vidonge vinapoanza kurukwa. Mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe huo, humezwa kila siku, mara nyingi gramu 2 au zaidi, kusudi uvimbe usirudi. Ikiachwa, ugonjwa unaweza kuibuka baada ya wiki au miezi, mgonjwa akiwa keshasahau kwamba aliacha.

Mtaalamu wa saikolojia hamwulizi, "Unameza dawa vizuri?" kwani kila mtu hujibu ndiyo. Humwambia: "Wengi dawa huwapita. Wiki iliyopita wewe ilikupita siku ngapi, na siku hizo kulikuwa na nini?" Sehemu hiyo ya mwisho ndiyo inayoelekeza tiba.

Anayesahau hahitaji mahubiri. Dawa ifungamanishwe na jambo analolifanya kila siku: "Nikishapiga mswaki asubuhi, nameza." Dozi ya mara tatu ikimshinda, amuulize daktari kama anaweza kumeza yote kwa mkupuo mmoja; kwa mesalazini ya kuzuia ugonjwa usirudi, hilo hufanya kazi vilevile.

Anayeacha kwa makusudi ndiye anayehitaji muda. Anahofia figo, uzazi, au kuitwa mgonjwa maisha yake yote. Karatasi hugawanywa pande mbili: huku dawa inamfanyia nini, kule anachokiogopa, kwa maneno yake mwenyewe. Kisha kila hofu hujadiliwa peke yake. Hofu ya figo si upuuzi: mara chache mesalazini huziathiri, ndiyo maana damu hupimwa kreatinini, kipimo kinachoonyesha figo zinavyofanya kazi. Basi aonyeshwe majibu yake na aelezwe yanasema nini, badala ya kuambiwa tu asiogope.

Sonona nayo ichunguzwe, maana aliyekata tamaa hata kopo la dawa lililo kitandani haligusi. Tiba ya fikra na tabia, kikao cha dakika 45 hadi 60 kila wiki, humsaidia, pengine pamoja na dawa za sonona.

Mazungumzo hayaondoi uvimbe wa utumbo, na mgonjwa asidanganywe hivyo. Prednisoloni, dawa ya steroidi ya kutuliza uvimbe ukipamba moto, nayo isikatwe ghafla hata kama imemvimbisha uso. Hupunguzwa taratibu kwa ratiba ya daktari. Akiharisha damu mara 6 au zaidi kwa siku, tena ana homa au moyo unakwenda mbio, afikishwe hospitali siku hiyohiyo.