Kome wa Ziwa Victoria hapandi mto, basi hufikaje juu?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba maganda meupe ya chakula cha kuku huletwa na malori kutoka Mombasa. Siku moja, kwenye duka moja la Kisenyi, Kampala, niliona gunia lake kati ya pumba na mukene (dagaa wa ziwani), nikauliza bei ya "hayo ya bahari". Muuzaji akacheka: "Bahari gani, ssebo? Haya ni ya hapa ziwani."

Kosa langu lina asili yake. Simbi zilizokuwa fedha Buganda zilitoka Bahari ya Hindi kweli, na hadi leo Waganda huita pesa ensimbi. Nikajumlisha: ganda ni bahari. Lakini simbi ni ganda la konokono, kipande kimoja. Ya guniani ni ya kome, mwenye maganda mawili yaliyoungwa kwa bawaba. Wala kome huyu si kombe wa pwani. Kombe ana mbavu mgongoni na ndani hang'ai. Ganda la kome wa ziwani ukilifuta tope na kuligeuza juani, ndani linameremeta kama mafuta juu ya dimbwi. Kuku hajali, chokaa ni chokaa.

Wote wawili hujizika mchangani, huvuta maji na kuchuja vijimea. Tofauti iko kwa watoto. Wa kombe huelea baharini majuma kadhaa, maji yakipwa na kujaa. Mtoni maji hayarudi. Kila kizazi kingesukumwa chini zaidi, na mzazi ana mguu mmoja tu wa nyama, wa kujikokota.

Dawa yake ni boda boda. Mwaka 1961 Geoffrey Fryer, aliyefanya utafiti Jinja, alieleza maisha ya kome aitwaye Mutela bourguignati. Lava wake, yaani mtoto asiyefanana bado na mzazi, ana uzi mrefu unaoelea majini hadi unase kwenye samaki apitaye, kama kisinja. Akishapanda, abiria huyu halipi nauli: huzamisha mirija miwili mwilini mwa dereva na kumnyonya. Anachipua hapohapo juu ya kikonyo, kisha kome mchanga anakatika na kudondoka popote samaki alipofika, hata kilomita kadhaa juu ya alipopandia.

Hayo ni ya spishi hiyo. Usiwapakie kome wote boda boda moja. Wapo wadogo kama njegere ambao hulea watoto ndani ya ganda lao wenyewe, samaki hahusiki kabisa.