Wonder World ya Simon Townsend: mnayoambiwa na yaliyokuwepo

Ukitaja Simon Townsend's Wonder World!, kile kipindi cha watoto cha Australia cha saa kumi jioni, kuna mtu lazima akwambie kilikuwa cha ABC, shirika la umma, maana eti stesheni za biashara watoto haziwahusu. Sio kweli. Kilikuwa cha mtandao wa 0-10, ndio Network Ten ya leo, stesheni za matangazo ya biashara kabisa, na kilianza 3 Septemba 1979.

Wengine nao wanasema basi hao wenye stesheni walikuwa na roho nzuri sana na watoto. Hapana jamani, walibanwa! Julai 1979 ndo ilianza sheria kwamba Jumatatu mpaka Ijumaa, saa kumi hadi saa kumi na moja jioni, ni vipindi vya watoto vyenye daraja la C peke yake, yaani vilivyotengenezwa maalum kwa watoto, katuni yoyote tu ilikuwa haipiti, na miezi miwili baadaye Wonder World ikaingia hewani. Mimi naona tuiseme wazi hii, maana watoto walipata kitu kizuri kwa sababu kuna watu walikaa wakaandika kanuni.

Eti kilikuwa cha nyimbo za chekechea na vikaragosi? Wapi. Lilikuwa jarida la habari la nusu saa, maripota vijana wanaenda huko nje kutafuta stori, wanaongea na mtoto kama mtu mwenye akili zake, afu katikati unapigiwa klipu ya muziki, na studio yupo Townsend na Woodrow, jibwa kubwa la kunusa, ngozi ya uso imejikunja na masikio yananing'inia, limetulia zake tu.

Sasa hii ndo inayoniuma zaidi, watu kudhani Townsend alikuwa mchekeshaji tu wa watoto asiyejua shida za dunia. Huyu alikuwa mwandishi wa habari, na kabla ya kipindi hiki aliitwa jeshini kwa lazima wakati wa vita ya Vietnam akakataa, akasema yeye hapigani vita. Akafungwa, akapelekwa mahakama ya kijeshi, na 1968 jeshi likamweka selo ya peke yake, chakula mkate na maji, usiku kila nusu saa wanamwamsha. Yaani mtu analala dakika ishirini na kitu anagongewa, tena na tena mpaka asubuhi. Habari ikatoka nje, wananchi wakachachamaa, mwishowe akakubaliwa kuwa ni mtu anayekataa vita kwa dhamiri. Miaka kumi na moja baadaye ndo huyohuyo yuko sebuleni kwenu na mbwa wake, akifunga kipindi anawakumbusha watoto kwamba dunia ni nzuri ajabu. Mimi siwezi kuisikia hiyo kauli kama maneno matupu.

Na wale wanaosema kilikuwa cha kupita tu: kilienda mpaka 1987, karibu vipindi 2,000, na tuzo 5 za Logie, ndio tuzo za televisheni za Australia. Maripota wake nao hawakupotea, Jonathan Coleman alivuma redioni hadi Uingereza, Angela Catterns akawa sauti ya asubuhi kwenye redio ya ABC Sydney, na Edith Bliss alikuwa pia mwimbaji, 1979 hiyohiyo wimbo wake ulikuwa kwenye chati.