Kisu chembamba si kisu dhaifu

Mtu akishika kisu cha kukunja mezani kwangu hapa Mwanza, kitu cha kwanza anachofanya ni kukibinya mgongo kwa kidole gumba. Kikiwa kinene, anatabasamu. Kikiwa chembamba anakirudisha: "Fundi, hiki kitavunjika." Wiki hii nimeyasikia maneno hayo hadi masikio yamechoka, na mmoja akaongeza kwamba nauza visu vya watoto. Basi naandika leo, ili anayefuata nimwoneshe simu asome, mimi niendelee kunoa.

Mgongo haukati kitu. Kinachokata ni makali, na kinachoamua kama makali yatapita ni unene wa chuma milimita moja hivi juu yake. Pima hapo. Nusu milimita au pungufu, hicho ni kisu. Milimita nzima, umenunua patasi inayokunjwa.

Ukibisha, chukua muhogo mbichi. Noa visu viwili kwa jiwe lilelile, nyuzi 20 kila upande, mpaka vyote vinyoe nywele za mkono. Kile chembamba kitapita hadi kwenye ubao. Kile kinene kitaingia kidogo, kisha utasikia "ta!" na muhogo utagawanyika unavyotaka wenyewe. Hapo kisu kimeacha kukata, kinapasua kama kabari. Mwenye nacho atakuja kwangu alalamike kuwa ni butu. Makali yake ni mazuri kabisa, ila nyuma yake kuna ukuta wa chuma unaogoma kupita. Na mtu akiona kisu kinagoma anaongeza nguvu, nguvu ikizidi mkono unateleza, na mengine anajua muuguzi.

Sasa hilo la kuvunjika. Visu vingi vilivyovunjika ninavyoletewa vimekatika ncha, na mwenyewe ukimbana atakiri kuwa alikuwa anabandua kitu: kopo la rangi, kifuniko cha betri, msumari kwenye kreti ya soda. Ndugu yangu, nunua bisibisi. Kukata kamba ya manila, kiroba, embe au mpira wa maji hakujawahi kuvunja kisu chembamba kilichotengenezwa vizuri. Naona hata visu vinene vinakatika ncha zaidi, ingawa hilo silishikilii sana, kwa sababu wanaopenda visu vinene ndio haohao wenye tabia ya kubandua. Kutenganisha kosa la kisu na kosa la mwenye kisu ni kazi ngumu.

Kuna jambo jingine linaloniudhi zaidi, na hili ni la sisi mafundi. Kisu kikinolewa makali peke yake mwaka hadi mwaka, kinazidi kuwa kinene. Jiwe linakula chuma na makali yanapanda kuelekea mgongoni, kule chuma kilikoshiba. Ndiyo maana mama anakwambia kisu chake "kilikuwa kizuri zamani" na hakuna anayemwamini. Dawa yake ni kulaza kisu karibu bapa juu ya jiwe na kukondesha mashavu yake, yaani zile pande mbili, kwanza, ndipo umalizie makali. Inachukua muda, inachafua mikono, na mteja hataki kuilipia. Badala yake anakwenda kwa mwenye grenda, cheche zinaruka, watoto wanashangilia, na makali yanageuka bluu. Rangi hiyo kwenye chuma cha kaboni, kile kisicho stenlesi, maana yake joto limefika karibu nyuzi 300, na ugumu aliouweka mtengenezaji kwa uangalifu umeshaondoka. Kitakata vizuri hadi kesho kutwa. Baada ya hapo utanoa kila siku na kulaumu kiwanda.

Aina ya chuma nitaipitia haraka, maana watu wanaipenda kuliko inavyostahili. Visu vya Victorinox vina ugumu wa kama 56 kwa kipimo cha Rockwell, si mkubwa, na ndiyo raha yake: jiwe lolote la dukani linavinoa. Chuma cha 60 na zaidi kinakaa na makali muda mrefu, lakini siku makali yakiisha utajuta kama huna jiwe la maana. Stenlesi nayo inashika kutu. Kromiamu iliyomo, asilimia 13 hivi, inachelewesha kutu, haizuii. Maji ya ziwa letu ni baridi, hayana chumvi ya kutisha. Adui ni jasho la mfukoni na limau lisilofutwa. Chuma cha kaboni kikipata weusi wa kijivu kwa sababu ya maembe, kiache. Kutu ya kuogopa ni nyekundu.

Ukiniuliza uchukue kipi, ukiipata Opinel namba 8, ichukue. Makali yake ni sentimita 8.5, ni nyembamba, haina uzito, na tangu mwaka 1955 Opinel zina pete ya kufungia shingoni. Okapi nayo ni ya heshima. Wajerumani walianza kuitengeneza mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni yao ya Afrika, na huku kwetu tulikuwa mmojawapo. Siku hizi inatoka Afrika Kusini. Vile vya Kichina visivyo na jina vinatofautiana hata ndani ya boksi moja. Gusa kwa tupa karibu na mpini: ikiteleza au ikakwaruza kidogo tu, nunua, ikiuma kama inavyouma msumari, rudisha. Muuzaji atanuna. Mimi pia hununa.

Kuhusu loki, kile kifungio kinachozuia kisu kujikunja ukiwa unakata, bado sijaamua. Inasemekana ni usalama, lakini naona watu wakiwa na loki wanasukuma kisu kwa namna ambayo hakuna kisu cha kukunja kinapaswa kusukumwa. Kisicho na loki kinamfundisha mtu adabu. Ila ndani ya mtumbwi, mikono imelowa na kamba imebana, nitachukua chenye loki bila kubishana na mtu. Msimamo wangu hutegemea mawimbi.

Kukibeba: ndani ya mfuko, kimekunjwa, kisionekane. Sheria inakataza kutembea na silaha hadharani kwa namna ya kutia watu hofu, na askari hatasubiri umweleze habari za muhogo. Ukienda mechi CCM Kirumba kiache nyumbani. Ukipanda ndege kiweke kwenye begi la mizigo, la sivyo kitabaki uwanjani.

Na tafadhali, usiparue sato kwa kisu cha kukunja. Magamba na utelezi vinaingia kwenye bawaba, vinaoza humo, na harufu utaibeba mwezi mzima. Wakata samaki wa soko la Mwaloni wanatumia visu visivyokunjwa na wana sababu. Kama umeshafanya, osha kwa maji ya moto na sabuni, kaushe juani kikiwa wazi, kisha tone moja la mafuta ya cherehani kwenye pini. Mafuta ya alizeti hapana, yanaganda kama gundi.