Kulidi si kupanda wa kwanza

Jumamosi nimelisikia tena neno kulidi, la sisi wapanda miamba, pale Hell's Gate, Naivasha. Kijana kashuka Fischer's Tower, bado anahema, vumbi mpaka kwenye nyusi, anawaambia wenzake "leo nimelidi", na kamba aliyofungwa nayo naiona kabisa imepita kwenye nanga, vyuma vilivyokazwa mwambani, kule kileleni ikarudi chini kwa mwalimu. Sikumsahihisha palepale kwa sababu furaha yake ilikuwa ya haki, mnara ule una kama mita 25 na kwa mtu wa mara ya kwanza si mchezo, ila neno hili linatumiwa hivyo kila wikendi na mimi linanitia hofu.

Kulidi ni kupanda huku kamba inatoka chini kwa anayekushikia, na wewe ndiye unaipandisha, unaipachika kwenye karabina, zile pete za chuma zinazofunguka, za bolti zilizokazwa mwambani unazozikuta njiani au kwenye vyuma unavyobana mwenyewe kwenye nyufa. Basi. Alichofanya yule kijana ni kupanda kwa kamba ya juu, hata kama katika kundi lao yeye ndiye alipanda wa kwanza.

Sasa shida nadhani inaanzia kwenye tafsiri. Watu wakilisikia neno la Kizungu, lead, wanaenda moja kwa moja kwenye kuongoza, na kuongoza si jambo hili. Kuongoza ni ndugu wa kuongoa, kuongoka, uongofu, yaani kumweka mtu kwenye njia iliyonyooka, kwa hiyo lazima awepo anayeijua njia na awepo anayeonyeshwa. Hiyo ni kazi ya waongozaji wa Mlima Kenya. Angalia 1899, Batian, kilele kirefu zaidi cha mlima huo, ilipopandwa mara ya kwanza: kiongozi wa msafara alikuwa Halford Mackinder, lakini kule juu kwenye barafu ngumu alikuwa na waongozaji wawili aliowatoa Alps, César Ollier na Joseph Brocherel, na kazi ya kuwa mbele ilikuwa yao. Mkuu wa safari ni mmoja, wa mbele kwenye kamba ni mwingine, na hakuna aliyeona ajabu.

Na kwenye kujifunza ndiyo inageuka kabisa! Siku ya kwanza unapolidi, aliye mbele ni mwanafunzi. Anayeongoza yuko chini, ameshika kamba, anakwambia tulia, angalia mguu wako. Ukilitafsiri kulidi kuwa kuongoza utakuwa umempa mwanafunzi kazi ya mwalimu.

Kuna wanaopendekeza kutangulia. Kwa kitendo chenyewe liko karibu zaidi, ila hata wa kamba ya juu anaweza kutangulia wenzake, halafu sisi tukisema fulani ametangulia tunamaanisha ametangulia mbele za haki, na mimi siwezi kumwambia mama wa mtu kwamba mwanawe leo ametangulia kwenye mwamba. Tubaki na kulidi, ni neno la mkopo, halina ubaya.

Mbona nang'ang'ania hivi? Kwa sababu ya kuanguka. Kwa kamba ya juu ukiteleza unaning'inia hapohapo, labda unashuka kidogo kamba inapovutika. Ukilidi, mita 2 juu ya bolti ya mwisho ni mita 4 za kuanguka, bado hujahesabu ulegevu na mvutiko wa kamba, na kabla ya kupachika bolti ya kwanza unaanguka chini kabisa. Kwa hiyo mwalimu mzuri hakupi kamba siku hiyohiyo. Anakusimamisha ardhini kwanza upachike kamba kwenye karabina kwa mkono huu na ule mpaka uchoke, maana ikae inatoka upande wa mwamba kuja kwako, ukiigeuza inaweza kujifungua yenyewe unapoanguka. Anakuonyesha kwa nini kamba isipite nyuma ya mguu: ukianguka hivyo inakupindua kichwa chini. Halafu unapanda na kamba mbili, moja unaipachika kama unalidi na nyingine imekushikilia kutoka juu, na hata hapo, samahani, bado hujalidi, hayo ni mazoezi. Pale kwenye miamba ya Lukenya, kwenye nyufa, mwalimu atapanda nyuma yako akikagua chuma kimoja kimoja ulichobana, akikitikisa, na kile kinachotoka kirahisi atakuonyesha kiganjani bila kusema kitu.

Mtu aliyezoea kusema "nimelidi" bila hayo yote, siku moja ataulizwa na watu wasiomjua, "wewe umewahi kulidi?" na atajibu ndiyo, kwa nia njema kabisa, na atapewa kamba. Ndiyo maana mimi siku hizi siulizi hivyo, nauliza kamba ilikuwa inatoka wapi.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Jumamosi, ulipanda kwa kamba ya juu, na ulipanda vizuri, pale katikati ulipokwama ukahamisha mguu wa kushoto badala ya kuvuta kwa mikono niliona. Ukirudi kutaka kulidi mwambie mwalimu hivyohivyo, "nimepanda kwa kamba ya juu, kulidi bado", atajua aanze na wewe wapi.