Oili ya sintetiki kwenye gari la zamani
Wengi huamini kuwa gari la zamani likitiwa oili ya sintetiki (iliyoundwa kiwandani kwa kemikali) litaanza kuvuja oili. Imani hiyo ina chanzo: baadhi ya oili za sintetiki za miaka ya 1970 zilisinyaza sili za mpira, yaani vizibo vinavyozuia oili isitoke kwenye injini. Oili za leo zina viambato vya kulinda sili. Kinachovujisha hasa ni sili iliyokwisha kukakamaa kwa joto na umri. Utando wa uchafu ulikuwa umeziba ufa, oili mpya ikauosha.

Jihakikishie kabla ya kubadilisha: futa injini kwa chini, tandika boksi chini ya gari usiku kucha. Ukikuta matone, anza na sili. Zingatia unene wa oili ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, mathalani 10W-30, weka filta mpya, kisha soma kijiti cha kupimia oili kila wiki gari likiwa mahali tambarare na injini imezimwa.