Unyanjano hauna dawa: safisha panga

Mvua za vuli zikianza, simu kutoka Muleba, Karagwe na Misenyi huongezeka na swali huwa lilelile: "Mtaalamu, dawa ya unyanjano inauzwa wapi?" Haiuzwi popote, kwa sababu haipo. Ugonjwa huu wa kunyausha migomba unaletwa na bakteria, na mgomba ukishaambukizwa hautibiwi kwa majivu, kwa mkojo wa ng'ombe wala kwa kiuatilifu cha kupuliza. Tumelisema hili tangu ugonjwa ulipobainika Kagera mwaka 2006, na bado watu wanaendelea kupoteza fedha kwa kunyunyiza.

Kata mgomba mgonjwa kisha utazame pale ulipokata. Baada ya dakika chache utatoka ute wa manjano unaonata vidoleni, umejaa bakteria. Panga lililopita hapo likienda kupunguzia majani ya mgomba wa pili, umeupanda ugonjwa kwa mkono wako mwenyewe. Mnunuzi naye huingia kibanjani, yaani kwenye shamba la migomba la nyumbani, na panga alilotoka kukatia mikungu kwa jirani. Mkaribishe, lakini akate kwa panga lako.

Kusafisha si kufuta kwa jani. Ondoa kwanza udongo na utomvu, kisha pitisha makali kwenye moto, pande zote mbili, mpaka chuma kisishikike. Au tumia jiki: kipimo 1 kwa maji vipimo 5, uchovye panga zima. Fanya hivyo kila unapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine, si kila unapomaliza shamba. Mchanganyiko wa leo umwage jioni, kesho uchanganye mwingine.

Wadudu nao huubeba ugonjwa kutoka ua hadi ua. Chane ya mwisho ikishatoka, vunja ua dume kwa kijiti chenye panda, usitumie panga. Wapo wanaodai kwamba mkungu utadhoofika. Si kweli, chakula kilichokuwa kinaliwa na ua huenda kwenye ndizi.

Zamani tuliagiza shina zima ling'olewe na machipukizi yake yote. Wazee wengi waligoma, nami nawaelewa: kibanja ndicho chakula cha nyumba na ndipo yalipo makaburi ya waliotangulia, hakifyekwi kwa siku moja. Siku hizi, ukiuwahi ugonjwa, kata ule mgomba ulioonyesha dalili tu, usawa wa ardhi, kwa sababu bakteria hawafiki kila mara kwenye machipukizi yote. Kagua kila wiki, na kila mgomba unaouona unaumwa uukate vivyo hivyo. Mabaki yalundike mahali pamoja, usiyaburute katikati ya migomba mizima.

Na tafadhali, tuache kusema kwamba migomba ya kisasa haiugui. Aina za kisasa ziitwazo FHIA zinavumilia mnyauko fuzari, ugonjwa mwingine wa migomba unaoletwa na kuvu, lakini unyanjano unazipata kama unavyoipata migomba ya kienyeji. Ukitaka kutofautisha magonjwa haya mawili, pasua ndizi iliyoiva kabla ya wakati wake. Nyama ikiwa na madoa ya rangi ya kutu, huo ni unyanjano. Fuzari haiingii kwenye tunda.

Miche ichukuliwe kwa wazalishaji waliokaguliwa, au muulize ofisa ugani wa kata kuhusu miche ya kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI Maruku. Chini ya Sheria ya Afya ya Mimea ya mwaka 2020, mkaguzi anaweza kuzuia machipukizi yenye ugonjwa yakiwa safarini na kuamuru yateketezwe, hata yakiwa zawadi ya shemeji. Anayetoa taarifa ya ugonjwa shambani kwake hana kosa. Wengi wanaficha wakiogopa faini, na wakati huo ugonjwa unavuka mpaka wa kibanja.

Ukiona jani limenyauka kama lililomwagiwa maji ya moto, mwite ofisa ugani siku hiyohiyo, na umwambie jirani kabla hajaja kuazima panga.