Mvuke unaomwagwa saa nane usiku

Kuna saa za usiku ambapo mvuke wa visima vya jotoardhi vya Olkaria, karibu na Naivasha, huachiliwa hewani bila kugusa turbini. Kisima cha jotoardhi si mfereji wa kufunga na kufungua upendavyo. Kufikia saa nane usiku matumizi ya umeme Kenya yameshuka sana, huku upepo wa Ziwa Turkana ukiwa kwenye nguvu zake. Mmoja lazima apishe, na mara nyingi mvuke ndio hupisha. Kazi yangu ni kupanga mifumo ya umeme, na jambo hili bado linaniuma, kwa sababu saa chache tu kabla, kati ya saa moja na saa tatu usiku, tulikuwa tukichoma mafuta mazito ili taa zisizimike.

Ndiyo maana nikiletewa pendekezo la kituo kipya huanza kwa kuuliza: kitazalisha saa ngapi? Garissa ina megawati 50 za jua, lakini kilele cha matumizi kikifika jua limeshazama. Swali la pili ni laini ya kusafirisha umeme. Mitambo 365 ya upepo kule Turkana, megawati 310 kwa jumla, ilikuwa imeshajengwa yote mwaka 2017. Laini ya kwenda kituo cha kupokelea umeme cha Suswa, zaidi ya kilomita 400, ikaja kukamilika Septemba 2018.

Kituo cha makaa ya mawe cha Lamu kingetutonesha kidonda hicho hicho. Zilipangwa megawati 1,050 kwa mashine tatu za 350, wakati kilele cha nchi nzima kilikuwa hakijafika 2,000. Gridi inapaswa kuhimili kupotea ghafla kwa mashine yake kubwa kuliko zote, kwa hiyo tungelipia akiba ya megawati 350 ikae tu ikisubiri. Tena tanuri la makaa haliwashwi na kuzimwa kila siku. Usiku lingeusukuma mvuke pembeni zaidi. Leseni ya mazingira ilifutwa Juni 2019 kwa hoja za kisheria. Hesabu ya saa peke yake ingetosha kunifanya niukatae mradi ule.

Tunachohitaji sasa ni njia za kuhamisha umeme kutoka saa moja hadi nyingine. Ya kwanza tunayo tayari: mabwawa ya mto Tana. Upepo ukivuma, Masinga ishike maji yake. Giza likiingia, iyaachie. Ukame ukikaza njia hiyo hubana, na hapo ndipo betri za kutoa umeme kwa saa tatu au nne zinapostahili fedha ambazo tungezitia kwenye kituo kingine. Njia nyingine ni kuwavuta watumiaji. Tangu Desemba 2017 viwanda hupata nusu bei kwa umeme wa usiku unaozidi matumizi yao ya kawaida. Ningependa punguzo kama hilo limfikie kila mwenye bodaboda ya umeme, aichaji saa nane usiku kwa mvuke ule ule tunaoumwaga.